Nyundo Themanini na Tano za Piano ya Bibi Daktari

Siku ya kwanza niliyoingia karakana ya Ujenzi, Chake Chake, sikupewa randa wala msumeno. Nilipewa kamba. Bwana Msimamizi wa karakana, Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, alinitazama viganja akaniuliza, "Wewe seremala?" Nikamjibu ndiyo. "Basi leo hamali. Nenda Wesha."

Bandarini Wesha tulikuta sanduku kubwa kuliko kitanda cha harusi. Tulikuwa watu wanane. Tulipoliinua, likalia. Mngurumo wa nyuzi nyingi ulitoka ndani kwa mpigo mmoja, na wenzangu wawili wakaachia kamba wakaanza kusoma dua. Mimi sikuachia. Msidhani ni ushujaa. Nilitaka kujua kilicholia ni nini.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mtoto wa Mtambile, baba yangu mchumaji wa karafuu katika shamba la watu. Skuli sikuiona. Nilisoma chuoni kwa maalimu mpaka nikajua herufi za Kiarabu na tarakimu, nikatoka nikashika useremala. Haya mnayoyasoma nimejifunza kuyaandika ukubwani, kwa ubishi, na atakayecheka mwandiko wangu na acheke. Nataka vijana mjue kwamba palikuwa na mtu wa Pemba aliyetengeneza piano za kisiwa hiki tangu miaka ya ishirini mpaka vita vikuu vya pili vikaisha, na hakufundishwa Ulaya.

Sanduku lilikuwa la Bibi Daktari, mke wa daktari wa serikali. Mwanamke mwembamba, mvutaji wa sigara, Kiswahili chake alikipata kwa mpishi wake Mpemba, kwa hiyo alikuwa akisema "weye" na "miye" kama mzaliwa wa Konde. Tulipoifungua piano alikuta mguu mmoja umepasuka. Nikautengeneza siku ileile. Akaniambia, "Weye unatazama ndani zaidi kuliko mguu. Njoo kesho nikuonyeshe."

Nikaonyeshwa. Ukibonyeza kibao kimoja cha piano, nyuma yake inaruka nyundo ndogo ya mti iliyovikwa sufu ngumu, inapiga uzi, inarudi mahali pake. Vibao themanini na tano, nyundo themanini na tano. Sauti nene kabisa zina uzi mmoja mmoja, zinazofuata nyuzi mbili mbili, na kutoka katikati mpaka juu ni nyuzi tatu kwa kila sauti. Kila uzi umezungushwa kwenye kigingi cha chuma. Kulinganisha piano ni kukaza na kulegeza vigingi hivyo mpaka vyote vipatane. Unaanza na uma wa chuma wenye meno mawili. Ukiugonga gotini unatoa sauti moja isiyobadilika. Sauti hiyo unaipata kwanza katikati, ndiyo imamu, na nyingine zinapanga safu nyuma yake. Nyuzi mbili zisizopatana zikilia pamoja utasikia wimbi, wau, wau, wau. Unakaza taratibu mpaka wimbi life. Mwaka mzima nilifundishwa hivyo, kila Alhamisi baada ya kazi, na mwaka wa pili Bibi akawa hagusi tena ufunguo wa kukazia vigingi. Alimwambia Bwana Msimamizi kwamba piano ni yangu, na piano ya klabu ya Wazungu pia. Bwana hakupenda, lakini Bibi Daktari si mtu wa kubishana naye.

Sasa lazima niseme alipiga nini, maana ndiko mambo yalikotokea. Alikuwa na kitabu kimoja kilichochakaa, na ndani yake hakupenda vingine ila vipande vitatu alivyoviita vya Kitaliano. Nilimuuliza kama walioviandika ni Wataliano.

"Hata mmoja," alinijibu. "Watu wa kwenye theluji. Walikwenda Italia kutafuta jua, wakawasikia watu wanaimba wakipiga makasia, wakawaona wanacheza uwanjani. Walirudi kwao kwenye baridi, wakaandika kwa piano yale waliyoyakumbuka."

"Kwa hiyo wameazima."

"Wameazima, na hawakurudisha."

Cha kwanza kilikuwa cha wapiga makasia. Mkono wa kushoto unayumba, kulia, kushoto, haubadiliki hata kidogo, na mkono wa kulia unaimba juu yake. Cha pili ni cha mtu anayemwimbia mpenzi wake aliye dirishani; mkono wa kushoto unadonoa kama mpiga gambusi. Hivyo viwili havikunisumbua. Cha tatu ndicho kilichokuwa mwanamume, jina lake tarantela. Ni ngoma ya mbio. Bibi alinieleza kwamba kwao mtu akiumwa na mdudu buibui, hapewi dawa, anapigiwa ngoma hiyo, acheze mpaka sumu imtoke kwa jasho.

Nikamwambia, "Bibi, hiyo kwetu ipo. Mtu akipandwa na pepo anapigiwa ngoma yake mpaka atulie."

Alicheka mpaka sigara ikamdondoka. "Basi weye ndiye mtu wa pekee hapa unayeielewa tarantela," akasema.

Katika tarantela pana mahali sauti moja inapigwa mara nne mfululizo upesi kwa vidole vinavyopokezana, tena na tena. Nyundo isiporudi kwa haraka, sauti ya pili haitoki, na ngoma inachechemea. Na Pemba wakati wa masika hewa yote ni maji. Kila nyundo imeshikwa na sindano nyembamba iliyopita kwenye kitundu chenye kitambaa cha sufu; kitambaa kikivimba, nyundo inarudi kama mtu aliyetoka kula shughulini.

Masika ya mwaka wa tatu, siku ya Jumatatu, Bibi Daktari akaniita. Meli ya Ijumaa italeta wakubwa kutoka Unguja. Jumamosi alasiri atawapigia vipande vyake vitatu. "Tarantela imekufa, Hamadi. Sikiliza." Akapiga. Kweli, katikati palikuwa pamekufa.

"Niachie miye," nikasema.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo Mzungu asingeweza kulifanya hata angetaka. Mtu wa Pemba kitu kikiwa na unyevu anakianika. Jumanne asubuhi, Bibi yuko hospitali kwa mumewe, nilifungua nyundo zote, skrubu moja moja, nikazichukua mpaka kwangu Gombani ambako palikuwa na uwanja wa jua. Nikatandika jamvi la karafuu, nikazipanga kwa safu, ya kwanza mpaka ya themanini na tano. Namba sikuandika. Tarakimu nilizijua vizuri, penseli ilikuwa sikioni. Niliona safu inatosha. Jua lilikuwa zuri. Adhana ya adhuhuri ikalia, nikaenda msikitini.

Nyinyi mnajua desturi yetu. Mvua ikija na karafuu zimeanikwa, hakuna anayeuliza ni za nani. Hata mliyegombana naye jana anaingia uwanjani kwako anazoa. Imamu alikuwa ametoa salamu tu, mvua ikashuka. Nilikimbia peku.

Nilimkuta jirani yangu, Bi Mize, rika la mama yangu, amekaa barazani kwangu na wanawake wengine wawili, wamelowa chapachapa, wanacheka. Mbele yao pakacha limejaa nyundo mpaka juu, limefunikwa kanga kavu.

"Hamadi, wallahi leo ungelia!" akasema Bi Mize. "Nimepiga kelele, mvua hiyoo, mvua hiyoo, weye hupo. Tumezoa sote watatu. Hata moja haijaroa."

Nilikaa chini palepale kwenye matope. "Bi Mize, umenimaliza."

"Nimekumaliza vipi, na vitu vyako vyote hivi hapa? Hesabu!"

"Nihesabu nini? Kila moja ina mahali pake."

"Ah! Kwani karafuu ina mahali pake?"

"Si karafuu hizi, Bi Mize! Ni nyundo za piano ya Bibi Daktari!"

Wakatazamana. Mmoja akauliza polepole, "Nyundo za kupigilia nini hizi, zenye kofia?" Na Bi Mize akaivuta ile kanga, akalifunika pakacha vizuri zaidi.

Jioni ile nililibeba pakacha mpaka kwa Bibi Daktari. Sikutaka alisikie kwa mtu mwingine. Bwana Msimamizi alikuwapo, anakunywa chai.

"Nani alikupa ruhusa kuzitoa nyumba hii?" akauliza.

"Hakuna, Bwana."

"Uliandika namba?"

"Sikuandika."

"Kwa nini?"

"Kwa kiburi, Bwana."

Aliweka kikombe. "Sasa mimi nasema ukweli. Wewe seremala. Seremala mzuri. Kesho rudi karakana, milango ya gereza inangoja. Mimi napeleka simu ya upepo Unguja, fundi Mgoa anayetengeneza piano za huko atakuja na meli ya Ijumaa."

"Sirudi kwenye milango, Bwana. Nipe mpaka meli ifike."

"Hizi hazipangiki. Mtu yeyote hawezi."

"Na fundi akifika akazikuta zimepangwa?"

"Hatazikuta."

 Bibi Daktari alikuwa ametia mkono ndani ya pakacha, anazigeuzageuza nyundo zake, uso umemwiva. Akasema, "Ameuliza swali zuri. Mjibu."

Bwana akatazama dari. "Akizikuta zimepangwa na piano inalia, piano zote za Pemba ni za Hamadi. Akizikuta kapuni, Hamadi hagusi piano tena katika kisiwa hiki. Mpaka Ijumaa."

Nilikuwa na Jumatano na Alhamisi.

Jumatano baada ya alfajiri nilizimwaga nyundo nilizorudi nazo juu ya jamvi ndani ya nyumba yangu. Bi Mize akaingia bila kubisha, ungo mkononi. "Usiniangalie hivyo," akasema. "Kama ni kuchambua, hiyo si kazi yangu? Karafuu na vikonyo nimevitenga tangu sijavunja ungo. Nambie unatenga kwa nini."

Nilimwonyesha alama. Sufu ya nyundo ikipiga uzi miaka na miaka, uzi unaichora mfereji. Nyundo ya uzi mmoja ina mfereji mmoja, ya nyuzi mbili ina miwili, ya nyuzi tatu ina mitatu. Haikufika saa tatu tulikuwa na mafungu matatu. Halafu ukubwa: nyundo za sauti nene ni nono, zinazidi kukonda kwenda sauti nyembamba, lakini tofauti ya moja na jirani yake jicho halikuiona. Bi Mize hakutumia jicho. Alifumba macho, akashika nyundo huku na nyundo huku, akapima. "Hii nzito. Hii. Hapana, hii." Aliwafukuza wageni wawili waliokuja kumsalimia. Hata maji alikunywa amefumba macho. Jioni fungu la uzi mmoja na la nyuzi mbili yalikuwa yamekaa safu.

Fungu la tatu lilitushinda. Nyundo za katikati zilikuwa karibu sawa, na zilizopigwa sana sufu yake imeliwa, kwa hiyo uzito ulidanganya. "Hizi zimekula chumvi," Bi Mize alisema. "Hizi zimefanya kazi sana kuliko wenzake. Siziwezi."

Nililala na maneno yake kichwani, na Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa Bibi Daktari na nyundo zote, ubao na kipande cha chaki.

"Bibi, naomba unipigie tarantela."

"Weye una wazimu? Piano haina nyundo."

"Vibao vipo. Piga hivyohivyo."

Akaelewa, akakaa. Akapiga tarantela nzima kwenye piano bubu. Sauti pekee ilikuwa ya mbao, taka taka taka, kama vijino vya mtu mwenye homa. Mimi nilisimama begani pake na ubao, nahesabu, kila kibao alichokipiga nachora mstari. Sikuweza kuvifuata vyote, kwa hiyo alirudia. Alirudia mara sita, jasho linamtiririka. Kisha akapiga cha wapiga makasia mara mbili, na cha dirishani mara mbili. Daktari aliingia kutafuta kofia yake, akamwona mkewe anapiga piano isiyolia na seremala anachora mistari, akatoka bila kofia.

Nilipomaliza nilijua. Kile kibao cha mara nne mfululizo kilikuwa na mistari iliyojaa upande mzima wa ubao. Nyundo iliyochimbwa mifereji mirefu kuliko zote ilikuwa yake. Jirani zake zilizopumzika zilikuwa na sufu nene. Miaka ya Bibi kupiga vipande vilevile vitatu ilikuwa imeandikwa kwenye nyundo, na miye nilikuwa naisoma. Mpaka alasiri nilikuwa nimezifunga zote. Vile vitundu vilivyovimba nilivipanua kwa sindano iliyotiwa moto, kwa uangalifu, nikaweka taa ya chemli chini ndani ya tumbo la piano juu ya bati, ikaushe hewa taratibu. Hivyo ndivyo nilivyopaswa kufanya tangu Jumanne. Nikalinganisha nyuzi mpaka magharibi.

Fundi Mgoa alifika Ijumaa, mzee wa suti nyeupe na mkoba wa ngozi. Bwana Msimamizi alikuja naye. Mzee hakumsalimu mtu. Alikaa, akapiga vibao vyote kimoja kimoja kutoka chini mpaka juu, kisha akarudi juu mpaka chini. Akapiga kile cha katikati upesi kwa vidole vinne. Nyundo ikaruka kila mara. Kisha akasimama akaingiza kichwa ndani.

"Hii na hii," akasema, "umezibadilisha."

 Nikatazama. Kweli. Nyundo mbili za upande wa juu, jirani, moja imekaa mahali pa mwenzake.

"Mbili," Bwana Msimamizi akasema.

"Mbili katika themanini na tano," mzee akajibu huku anafunga mkoba wake. "Mimi ningekosea kumi. Bwana, umeniitia nini? Nimetapika njia nzima." Akanigeukia. "Zibadilishe mwenyewe. Na siku nyingine andika namba, mpumbavu we."

Nilizibadilisha mbele ya Bwana, nikaomba penseli, nikaandika namba kwenye kila nyundo, moja mpaka themanini na tano, wao wakiwa wamesimama wananingoja.

Jumamosi alasiri niliamriwa nisimame nyuma ya mlango, pengine kitu kitakwama. Bibi Daktari alipiga cha makasia, akapiga cha dirishani, wakubwa wakapiga makofi kwa adabu. Alipoanza tarantela nilitega sikio kwenye upenyo wa mlango. Ilikuja ile sauti ya mara nne, ikapita, ikarudi, ikapita, kama mvua ya mawe juu ya bati. Nje ya ua Bi Mize na wenzake walikuwa wamesimama kusikiliza walichokizoa. Nilimsikia akisema, "Huyu mwanamke kapandwa, wallahi. Mwiteni mganga."

Baada ya hapo nilitumwa kisiwa kizima. Piano zote za Pemba hazikuzidi sita. Nilikuwa Wete miaka minne, chini ya Bwana Mkubwa wa Wilaya aliyependa piano yake ing'ae na hakujali inalia nini. Nilikuwa Mkoani, ambako bahari iko karibu na nyuzi zinashika kutu kabla hujafika mlangoni. Kila ilipokuwa masika nilizunguka kwa baiskeli na taa zangu za chemli. Wakati wa vita nyuzi mpya hazikuja, nikawa naunga zilizokatika kwa zile nilizozitoa kwenye piano ya klabu iliyokufa. Wakati huohuo akaja mkubwa mmoja Wete akakataza vipande vya Kitaliano visipigwe, kwa sababu Wataliano ni adui. Miye nikamwambia, "Bwana, aliyeviandika si Mtaliano. Ni mtu wa baridi aliyekwenda kuazima." Aliniuliza nani aliniambia. Nikamjibu kwamba kazi yangu ni piano, nitakosa vipi kujua? Vikapigwa.

Vijana huniuliza cheti changu kiko wapi. Sina. Nilikuwa na masikio, mikono, na kosa moja kubwa nililolilipia kwa siku mbili. Mtu akitaka kuifanya kazi, asingoje kupewa jina la kazi. Na akikosea, alibebe kosa lake mwenyewe mpaka mlangoni kwa aliyemkosea. Hayo tu ndiyo nayajua.

Vita vilipokwisha nilikuwa Wete tena. Mke wa Bwana Mkubwa mpya alikuwa na kitabu cha vipande vya namna ileile, na alitaka piano iwe tayari kwa tarantela. Nililinganisha tangu asubuhi. Alasiri akakaa akaijaribu. Mwishoni mkono wa kulia unapanda mbio mpaka kibao cha mwisho kabisa cha juu. Nilikuwa nimefungua kifuniko, natazama nyundo. Niliiona ile ndogo ya mwisho inaruka, inagonga, inarudi. Nilichosikia ni mti tu; uzi sikuusikia.

"Bibi, umepiga ya mwisho?"

"Nimepiga."

"Ipige tena."

"Nimeipiga mara tatu, Fundi."

"Ikoje?"

Alisita, kwa heshima. "Iko chini kidogo."

Nilifunga kifuniko, nikakusanya vyombo vyangu. Asubuhi yake nilikwenda ofisini kwa Bwana Mkubwa, nikasimama mbele ya meza.

"Bwana, tafuta fundi mwingine wa piano."

"Kwa nini? Nani amelalamika?"

"Hakuna. Nimelalamika miye."

Alinitaka nimalize mwezi. Nilikataa. Nilimwambia kwamba piano ya nyumbani kwake, nyuzi tatu za mwisho juu, ziko chini, na mtu mwenye masikio aje azikaze kabla mkewe hajaipiga tena.